Kuficha na Kusitiri: Habari za Kitenzi Kimoja cha Kiingereza

Nimekusudia katika kurasa hizi kueleza habari za kitenzi kimoja cha Kiingereza, nacho ni "conceal". Sisi tufundishao lugha tumezoea kusema ya kuwa maana yake ni kuficha, kisha tukapita zetu kama mtu apitaye mbele ya nyumba ambayo hana ndugu wala mdeni ndani yake. Mimi nami nilipita hivyo kwa miaka mingi, hata siku moja kitenzi hicho kilipokuja chenyewe kubisha hodi katika ukoo wetu.

Shangazi yangu alifiwa na mumewe. Marehemu alikuwa amelipa bima ya maisha kwa muda wa miaka tisa bila kukosa mwezi hata mmoja. Kampuni ya bima, ambayo sina haja ya kuitaja, ilimjibu mjane kwa barua ya Kiingereza isiyozidi mistari sita. Kijana wa jirani, mwenye elimu ya kutosha na ulimi mwepesi, alimsomea na kumfasiria: "Wanasema mumeo alificha ugonjwa wake, kwa hiyo hawalipi." Nilipofika kumpa pole nilidhani nitamkuta akilia fedha. La, alikuwa akililia neno. "Mwanangu," aliniambia, "marehemu hakumficha mtu kitu tangu nimjue. Maradhi yake aliyasitiri. Na ni nani asiyesitiri maradhi yake?"

Niliichukua barua ile nikaisoma. Kitenzi kilichotumika kilikuwa "conceal". Nikaona ya kuwa baina ya neno la barua, neno la kijana na neno la shangazi mna nafasi kubwa. Na nilipoanza kuchungua nafasi hiyo ilikuwa na nini, nilikuta ya kuwa ndani yake watu wamepoteza mashamba, wengine mali, na wengine shingo zao.

Kitenzi hiki si mzalia wa Uingereza. Kilikuja pamoja na wageni. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari nyembamba akaishinda Uingereza, na kwa karne nyingi baada yake lugha ya wakubwa, na hasa lugha ya mahakama, ilikuwa Kifaransa. Katika Kifaransa cha zamani palikuwa na "conceler", kilichorithiwa kutoka Kilatini "concelare". Shina lake ni "celare", yaani kuficha, na kitangulizi chake huongeza nguvu tu, kama kwamba tungesema kuficha hata pasibaki dalili. Waingereza walianza kukiandika katika lugha yao katika karne ya 14. Mwaka 1362 bunge liliamuru ya kuwa mashauri yanenwe kwa Kiingereza, lakini mawakili hawakuwa na haraka; Kifaransa chao cha mahakamani na Kilatini cha kumbukumbu havikuondoshwa kabisa mpaka mwaka 1733. Basi "conceal" kilikulia barazani mbele ya mahakimu, huku "hide", kitenzi cha kienyeji, kikiishi nyumbani na shambani.

Malezi hayo yameacha alama mpaka leo. Mtoto wa Kiingereza achezaye kibe husema "hide", na kitenzi hicho chaweza kusimama peke yake bila kutajiwa kitu kilichofichwa. "Conceal" hakiwezi, sharti kiwe na kitu. Wingu likifunika jua, Mwingereza husema "hide", maana wingu halina nia. Mwenye kutumia "conceal" hapo huonekana kama anayelisingizia wingu hila. Nia ndiyo roho ya kitenzi hiki. Mtu aliyepoteza ufunguo hakuficha ufunguo. Mtu aliyeweka ufunguo chini ya mkeka akasahau kuutaja, je, ameuficha? Hapo ndipo mawakili wapatapo riziki.

Kabla ya wageni hao kufika, Kiingereza cha kale kilikuwa na kitenzi kingine, "helan", chenye maana ile ile ya kuficha na kufunika. Ajabu yake ni kwamba "helan" na "celare" ni ndugu wa tumbo moja. Mwanachuoni wa Kijerumani Jacob Grimm alieleza mwaka 1822 jinsi sauti za Kilatini zinavyolingana na sauti za lugha za Kijerumani kwa utaratibu usiobahatisha, na katika utaratibu huo sauti ya k ya Kilatini hukutana na sauti ya h upande wa pili. Jambo hili si geni kwetu: mkulima wa Kiswahili hupanda mbegu, na jirani yake Mkikuyu husema "haanda", na hakuna mtu aliyefunza p igeuke kuwa h. Basi kutoka katika shina hilo moja la kufunika Waingereza walipata "hell", jahanamu, kwa maana ya mahali palipofunikwa chini. Wakapata kofia ya chuma ifunikayo kichwa, "helmet". Wakapata "hall", jumba lililoezekwa. Na kwa njia ya Kilatini wakapata "cell" na "cellar", chumba kidogo na ghala ya chini ya nyumba. Wataalamu wengi huliunganisha pia na kitenzi cha Kiyunani cha kufunika, ambacho kimo katika jina la Calypso, yule mwanamke wa visa vya Homer aliyemzuia Odysseus kisiwani miaka saba mbali na macho ya watu, na kimo pia, kikiwa kimepinduliwa, katika jina la kitabu cha mwisho cha Biblia, ambacho sisi twakiita Ufunuo. Katika wilaya za magharibi za Uingereza mwezeka mapaa aliitwa "hellier", na jina hilo bado ni jina la ukoo wa watu wengi wasiojua ya kuwa babu yao alikuwa mficha nyumba kwa mawe.

Nimelitaja paa kwa makusudi. Katika asili yake kitenzi hiki hakikuwa na ubaya. Kufunika nyumba kwa paa, kufunika kichwa kwa kofia, kufunika nafaka ghalani: hizi ni kazi njema. Ubaya uliingia pale mtawala alipotaka kujua ni nini kilichomo chini ya kila kifuniko.

Mfano wa kwanza ni wa ardhi. Kati ya mwaka 1536 na 1540 Mfalme Henry VIII alizivunja nyumba za watawa katika ufalme wake, na ardhi yao ikawa mali ya Taji. Lakini ardhi ni nyingi na karani ni mmoja. Vishamba vilivyokuwa wakfu wa taa ya kanisa, au mshahara wa padri mwenye kuombea wafu, vilibaki mikononi mwa wanakijiji waliovilima, aghalabu bila wao wenyewe kujua ya kuwa wana deni. Mashamba hayo yaliitwa mashamba yaliyofichwa. Wakati wa Malkia Elizabeth I watu wenye tamaa walipewa hati za kuyatafuta, na wao wakapata fungu katika kila walichokifichua. Walipekua daftari kuukuu za makanisa, wakawatisha wakulima, wakawauzia amani. Na watu hao waliitwaje? Waliitwa "concealers", yaani waficha! Kamusi za zamani za sheria zilipofika kwenye neno hili zilitahayari, zikasema ni jina la kinyume, kwa kuwa mfichuaji ameitwa mficha. Mimi sidhani ya kuwa ni kinyume. Nadhani wanakijiji walijua walichokuwa wakikisema, kwa maana mtu yule alikuja na tuhuma mkononi kabla ya kuona shamba, na pasipo yeye hapakuwa na kilichofichwa. (Leo neno hilo hilo ni jina la kipodozi cha kufunikia madoa ya uso, na sina neno la kuongeza juu ya hilo.)

Kelele zilipozidi, bunge la Mfalme James I lilipitisha mwaka 1624 sheria ya kuwapa raia utulivu dhidi ya madai ya ardhi iliyofichwa: ardhi ambayo Taji halikuwa limeishika kwa muda wa miaka 60 haikuweza tena kudaiwa. Wenye mashamba wakapumua. Lakini bunge lile lile, katika mwaka ule ule, lilipitisha sheria nyingine iliyoshika kitenzi kile kile, na safari hii waliokuwa chini ya kifuniko hawakuwa na mashamba wala mjumbe wa kuwasemea.

Sheria hii ya pili ilihusu wanawake wasioolewa. Ilisema ya kuwa mwanamke wa namna hiyo akizaa mtoto, na mtoto akafa, na mama akaficha kifo chake, basi atahesabiwa kuwa amemuua, isipokuwa ataleta shahidi, angalau mmoja, wa kuthibitisha ya kuwa mtoto alizaliwa mfu. Msomaji atazame vizuri jinsi kitenzi kilivyofanyiwa kazi. Katika mashauri mengine ya mauaji sharti mshitaki athibitishe ya kuwa mtu aliuawa. Hapa kuficha ndiko kuliko kuua. Na shahidi atapatikana wapi, kama jambo lenyewe lilitendeka kwa siri? Mwanamke aliyezaa peke yake gizani kwa kuogopa aibu alikuwa ameshajihukumu kwa upweke wake.

Anne Greene alikuwa mtumishi wa nyumba katika mji wa Duns Tew, wilaya ya Oxford, katika jumba la Sir Thomas Read. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Mjukuu wa bwana wa jumba alimpa mimba. Mimba ikaharibika, na mwili mdogo ukakutwa mahali alipouweka. Mkunga alitoa ushahidi ya kuwa kiumbe kile hakikuwa kimekomaa hata kiweze kuishi. Lakini sheria haikuuliza kama kiliishi. Iliuliza kama kilifichwa, na kama kuna shahidi. Tarehe 14 Desemba, 1650, Anne Greene alinyongwa katika mji wa Oxford, akaning'inia muda wa kama nusu saa. Mwili wake ukatiwa ndani ya jeneza ukapelekwa kwa matabibu wapate kuupasua kwa elimu yao. Walipofungua jeneza wakasikia pumzi. Matabibu wale, William Petty na Thomas Willis, waliacha visu wakachukua dawa. Wakamnywesha vitu vya moto, wakamsugua viungo, wakamlaza kitandani na mwanamke mwingine apate joto lake. Akapona. Akasamehewa, akaolewa, akazaa watoto watatu. Inasemekana ya kuwa aliporudi kwa watu wake alilichukua na jeneza lake.

Habari hii ilichapwa na kusomwa sana wakati ule kama muujiza. Walakini muujiza haukuifuta sheria. Iliendelea kuwamo vitabuni kwa zaidi ya miaka 150 nyingine. Ila mahakama zilianza kuionea haya. Katika karne ya 18 watu wa juri walitafuta kila njia ya kutohukumu, na njia waliyoipenda ilikuwa hii: kama mshitakiwa aweza kuonyesha ya kuwa alikwisha kumwandalia mtoto nguo, hata kipande kimoja cha kitani kilichoshonwa, basi hakuwa na nia ya kuficha. Maisha ya mtu yakawa yamening'inia kwa uzi wa kofia ya mtoto mchanga. Mwaka 1803 sheria ile ikafutwa. Mauaji yakawa ya kuthibitishwa kama mauaji mengine, na kuficha uzazi kukawa kosa dogo lenye kifungo kisichozidi miaka miwili. Mwaka 1828 kosa hilo likaenezwa kwa wanawake wote, wenye waume na wasio na waume, na mwaka 1861 likaenezwa kwa mtu ye yote. Kwa njia ya Kanuni za Adhabu za mwaka 1930 likaja likaingia Kenya, Uganda na Tanganyika. Hivyo kitenzi cha mahakimu wa Normandy kikapata kufika mpaka kwa binti wa Kikerewe na wa Kikamba, na mkalimani akatakiwa papo hapo amwulize mshitakiwa: "Je, ulificha?"

Juu ya hazina nitasema kwa ufupi, ingawa kisa chake chapendeza. Kwa sheria ya zamani ya Uingereza, dhahabu na fedha iliyookotwa ardhini ilikuwa mali ya Taji ikiwa mwenyewe aliificha kwa nia ya kuirudia. Ikiwa aliiacha au aliizika bila nia ya kuirudia, ni ya mwenye shamba. Katika kiangazi cha mwaka 1939 mchimbaji Basil Brown alifukua huko Sutton Hoo, katika shamba la mwanamke aitwaye Edith Pretty, alama ya jahazi kubwa la urefu wa kama mita 27, lililozikwa mapema katika karne ya 7 pamoja na dhahabu na fedha za mtu mkubwa, yamkini mfalme. Mwezi wa Agosti baraza likakaa kuamua swali moja: je, mali hii ilifichwa? Wakajibu hapana. Watu waliovuta jahazi zima mpaka juu ya kilima wakalifukia kwa kilio cha hadhara hawakuficha kitu. Walimpa maiti wao haki yake. Hazina ikawa ya Bibi Pretty, naye akaipa taifa kwa kuikabidhi kwa makumbusho ya London. Wiki chache baadaye vita vikaanza, na mali ile, ambayo baraza lilikwisha kuapa ya kuwa haikufichwa kwa miaka 1300, ikafichwa kweli kweli, ndani ya njia ya treni iliyo chini ya ardhi ya London.

Sasa nafika kwenye bima, ambayo ndiyo iliyonifungulia mlango huu. Mwaka 1759 gavana wa ngome ya Kiingereza iitwayo Fort Marlborough, huko Bencoolen katika kisiwa cha Sumatra, alikuwa George Carter. Ngome hiyo ilikuwa ya Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki. Ilikuwa ngome kwa jina, lakini kwa kweli ilikuwa mahali pa biashara ya pilipili, isiyoweza kuhimili mizinga ya jeshi la Ulaya. Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani. Kwa mkono wa ndugu yake, Carter aliikatia ngome bima London, kwa muda wa mwaka mmoja kuanzia tarehe 16 Oktoba, ya kuwa kama ikichukuliwa na adui wa kigeni atalipwa. Mdhamini wa bima hiyo alikuwa Charles Boehm. Na katika mwezi ule ule wa Oktoba Mfaransa mmoja, Comte d'Estaing, alikuwa katika Ghuba ya Uajemi akiiteka nyumba ya biashara ya Waingereza huko Gombroon, ambayo leo ni Bandar Abbas, bandari ambayo manahodha wetu waliijua vizuri. Kutoka huko aliendelea mpaka Sumatra, na mwezi wa Aprili, 1760, ngome ikaanguka.

Boehm alikataa kulipa. Alisema gavana alificha mambo mawili: alificha udhaifu wa ngome, na alificha ya kuwa alikuwa na sababu ya kuogopa Wafaransa. Shauri lilifika mbele ya hakimu mkuu, Lord Mansfield, na mwaka 1766 akatoa maneno ambayo wanafunzi wa sheria wangali wakiyasoma. Alikubali kwanza ya kuwa bima ni mapatano ya kubahatisha, na mambo mengi yanayopima bahati hiyo yamo moyoni mwa mwenye kuomba bima peke yake. Kwa hiyo akiyaficha makusudi, mapatano huvunjika. Hapo kampuni zote za bima duniani hupiga makofi na kufunga kitabu. Lakini Mansfield hakukifunga. Aliendelea kusema ya kuwa kanuni hiyo imewekwa kuzuia hila, na wajibu wake ni wa pande zote mbili. Mtu hakufichi jambo ambalo wewe mwenyewe walijua, wala jambo ambalo ilikupasa kulijua, wala jambo ambalo uliamua kutoliuliza. Boehm alikuwa London. Kila mtu katika London alijua ya kuwa kuna vita, na ya kuwa ngome ya pilipili si Gibraltar. Alijua ya kuwa gavana mwenyewe ndiye anayekata bima ya ngome yake, akachukua ada, akanyamaza. Mwenye kupokea fedha kwa kunyamaza hawezi baadaye kumshitaki mwenziwe kwa kunyamaza. Gavana akashinda.

Mimi si mwanasheria, na wanasheria watanisamehe nikisema ya kuwa katika hukumu ile Mansfield alifanya kazi ya mwalimu wa lugha. Alikipima kitenzi. Alisema "conceal" chataka vitu vitatu: ajuaye, asiyejua, na nia ya kumzuia asiyejua. Kimoja kikikosekana, kilichopo ni kimya tu.

Baada yake mizani iliinama. Karne ya 19 ilipenda nusu ya kwanza ya hukumu ikaisahau nusu ya pili. Sheria ya Bima ya Bahari ya Uingereza ya mwaka 1906 iliondoa nia katika jambo hili ikaweka wajibu: mwenye kuomba bima sharti afunue kila jambo kubwa alijualo, aulizwe asiulizwe. Tokea hapo kusahau na kuficha vikawa na malipo mamoja. Kenya iliifuata sheria hiyo katika sheria yake ya mwaka 1968, na desturi yake ikaenea katika fomu za bima za namna zote. Waingereza wenyewe wamekwisha kurudi nyuma: kwa sheria ya mwaka 2012 raia wa kawaida hadaiwi ila kujibu kwa uangalifu aliyoulizwa, na mwaka 2015 wafanyabiashara nao walipunguziwa mzigo. Barua ya shangazi yangu haikuwa na habari hiyo.

Nirudi kwenye Kiswahili, maana hapa ndipo penye mashaka yangu. Sisi hatuna kitenzi kimoja cha jambo hili. Tuna ukoo mzima. Tuna funika, fumba, fukia, zika, ziba, na ficha yenyewe. Na kila kimoja katika hivi, isipokuwa zika, lugha imekipa kitenzi cha kukipindua kwa silabi moja: funua, fumbua, fukua, zibua, fichua. Kana kwamba wazee walisema: hapana kifuniko kisicho na mfunuaji. Zika tumemwachia Mungu.

Nje ya ukoo huo amesimama mgeni aliyelowea, sitiri, ambaye wengine humtamka setiri. Ametoka katika Kiarabu, ambako stara ni pazia. Sitiri haina kinyume cha silabi moja. Hakuna mtu asemaye kusitirua. Kinyume chake ni maneno mengine kabisa, na yote ni machungu: kuumbua, kufedhehi, kuaibisha, kukashifu. Na hili la kukashifu lina funzo, kwa kuwa katika Kiarabu asili yake ni kufunua tu, bila ubaya. Tabibu hufunua jeraha na mwanachuoni hufunua maana. Lilipovuka bahari likafika kwetu likawa kumfunua mtu kwa kumvunjia heshima. Mswahili alichukua maneno mawili ya Kiarabu, la kufunika na la kufunua, la kwanza akalipandisha likawa tendo la huruma, la pili akalishusha likawa tendo la uadui. Kumsitiri mtu ni kumvisha, ni kumpa mahali pa kulala, ni kumlipia deni kabla wadai hawajafika mlangoni, na mwisho ni kumvika sanda.

Basi kamusi zetu zinapoweka ficha na sitiri bega kwa bega mbele ya "conceal", kama nguo mbili za mtu mmoja, hazisemi uwongo, lakini zinamwachia mkalimani kazi ambayo hakuandaliwa. Akimwambia mshitakiwa "uliuficha mwili wa mtoto," amekwisha kumtia hatiani. Akimwambia "uliusitiri," amekwisha kumtetea. Anne Greene, kama angaliulizwa kwa Kiswahili, angalijibu nini? Nadhani angalikana la kwanza na kukiri la pili, na karani angaliandika majibu yote mawili kwa kitenzi kimoja.

Wala nisijifanye kana kwamba lugha yetu humpa kila mficha udhuru. Wazee walisema, mficha uchi hazai. Walisema pia, mficha maradhi kifo humuumbua. Methali ya pili nilimkumbusha shangazi kwa upole, naye akanijibu upesi ya kuwa methali hiyo yasemwa kwa mgonjwa ili aende kwa mganga, haisemwi kwa mjane ili asilipwe. Sikuwa na la kumjibu.

Nilimwomba fomu ambayo marehemu aliitia sahihi. Ilikuwa ya Kiingereza. Majibu yalikuwa ya mwandiko wa wakala, yote kwa wino mmoja na haraka moja, na penye swali la maradhi palikuwa na mstari mdogo tu, si ndiyo wala siyo. Shangazi alikumbuka siku ile: wakala alikunywa chai, akauliza umri na kazi na majina ya watoto, akasema mengine atayajaza mwenyewe. Marehemu alikuwa na sukari katika damu, na mtaa mzima ulijua, kwa kuwa alikuwa akiikataa chai ya sukari katika kila matanga; na siku hiyo pia, mbele ya wakala, aliinywa kavu.

Tuliandika jibu, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Sikumtaja Lord Mansfield ila kwa mstari mmoja. Sehemu kubwa ya barua ilikuwa swali: je, ni nani aliyemficha nani, na alimficha kitu gani ambacho aliulizwa? Niliomba kampuni itaje mahali katika fomu ambapo marehemu alisema jambo lisilo kweli. Walikaa kimya miezi mitano. Kisha ikaja barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza, ya kusema ya kuwa kampuni, kwa hisani yake, italipa sehemu ya fedha, na sehemu hiyo ilikuwa zaidi ya nusu kidogo.

Nilimpelekea shangazi barua hiyo jioni. Kabla ya kuuliza kiasi, aliuliza kama lile neno limo. Niliisoma tena toka juu mpaka chini, nikamwambia halimo. Akaichukua, akaikunja mara mbili, akaiweka ndani ya kasha pamoja na kanzu za marehemu.